Kengele ya mwinamo sio pima maji: uzi wa wanaopanda manlifti kwenye ardhi isiyonyooka

Kiwiko_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha tangu masika ya mwaka juzi kwa sababu kila nikianza kuandika naona kama najianika mwenyewe, lakini juzi nimepita saiti moja nikakuta jamaa kapandisha bumu mpaka juu kabisa huku tairi la nyuma limekaa juu ya tofali tatu, na huko juu anaimba, nikasema basi leo naandika liwalo na liwe.

Kwa wasioijua hii kazi, manlifti ni mtambo wa kumpandisha mtu juu akiwa kwenye kikapu. Kuna sizalifti zinazopanda wima kama mkasi, kuna bumu zenye mkono wa kunyooka au wa kukunja kiwiko, kuna za juu ya lori kama wanazotumia watu wa nguzo za umeme, na kuna zile ndogo za miguu minne tunaziita buibui. Mimi ni mtu wa bumu za kiwiko, miaka 9 sasa, minne kati ya hiyo niliifanyia Uarabuni.

Tulikuwa tunafunga mabati ya ukutani kwenye godauni moja mkoa wa Pwani, jina la kampuni liacheni. Mashine ni bumu ya kiwiko ya kufanyia kazi mpaka mita 16, uzito wake karibu tani 7. Ardhi moramu, imepitishwa greda, ukiitazama kwa macho uwanja wa mpira kabisa. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba wiki tatu kabla sijafika walichimba mtaro wa bomba la maji ya zimamoto sambamba na ule ukuta, wakarudishia kifusi kwa koleo bila kushindilia, alafu greda ikaja ikatandaza moramu juu ukafichika. Na usiku ule mvua ilinyesha.

Asubuhi nikakagua mashine kama kawaida: mafuta, haidroliki, matairi, vitufe vyekundu vya dharura, nikashusha kikapu kwa njia ya dharura nikaona inashuka. Nilikagua kila kitu isipokuwa udongo niliosimamia.

Saa 8 mchana hivi niko kama mita 13 juu, bumu imeelekea kulia kwa mashine na nimeichomoa nje sana maana niliegesha mbali na ukuta. Chini ya miguu nina chupa ya maji ya nusu lita. Nikasikia inabingirika. Nikaisukuma kwa buti irudi, ikabingirika tena kulekule kulia ikagonga chuma, tik. Sikuwaza kitu, nikaendelea kukaza skrubu. Dakika mbili baadae kengele ya mwinamo, ile inayolia mashine ikiinama kupita kiwango chake, ikaanza kulia.

Sasa hapa ndipo nataka wadau muelewe. Mkono wangu ulifanya ambacho mkono wa mtu yeyote aliyeshtuka ungefanya, nikashusha bumu. Bumu iliyosimama juu ukiishusha, kikapu hakishuki wima kama ndoo ya kisimani, kinashuka kwa upinde kuelekea NJE. Na nje kwenyewe ndio upande ambao mashine imeshainamia. Yaani nilikuwa najiongezea mzigo upande uleule unaonivuta. Mtu wangu wa chini akapiga kelele "kaka tairi za kushoto zinaachia!" Nikatoa mguu kwenye pedali, kila kitu kikasimama, nikabaki nimeshika reli nasikia moyo masikioni.

Nikakumbuka kitabu. Kwa hizi bumu za kiwiko kitabu kinasema kikapu kikiwa upande wa BONDENI: kwanza vuta bumu ndani, pili shusha mkono wa chini, tatu shusha bumu ya juu. Kikapu kikiwa upande wa MLIMANI ni tofauti: shusha bumu ya juu kwanza, kisha mkono wa chini, mwisho ndio uvute ndani. Na usizungushe kabisa mpaka uwe umeshuka. Nikavuta ndani polepole, tairi zikakaa, nikashuka.

Chini tukapima. Tairi mbili za kulia zilikuwa juu ya ule mtaro kwa urefu wake wote, zimezama sentimita 18. Upana wa tairi kwa tairi ni kama mita 2. Piga hesabu mwenyewe, ni digrii 5. Mashine yangu kengele imewekwa hapohapo.

Tangu siku ile nawaambia vijana: kengele ya mwinamo sio pima maji. Watu wanaegesha, wanapandisha, wakiona haijalia wanasema tuko levo. Hapana. Ikilia maana yake umeshamaliza chote ulichokuwa nacho, na watengenezaji wenyewe wameandika kwenye vitabu vyao msiitumie kama kipimo cha levo. Pima kabla hujapanda.

Nitaendelea kuandika ninavyopima, ngoja nipunguze moto ugali usije ukaungua.

---

Kenchi_na_Bati

Nimeweka kambi hapa. Mkuu ile ya chupa kubingirika imenisisimua, mimi imeshanitokea mara kibao na nilikuwa naona kawaida tu.

---

Tairi_Nne

Uzi mzuri ila kuna kitu sijaelewa. Bumu ninayoendesha kibandiko kimeandikwa 45%. Sasa digrii 5 inatoka wapi? Si ninaruhusiwa mlima mkali kabisa?

---

Kiwiko_Juu

Mkuu Tairi_Nne swali lako ndilo linaloua watu.

Hiyo 45% ni ya KUTEMBEA, tena bumu imekunjwa imelala chini. Inakwambia mashine ina uwezo wa kupanda huo mlima, haikwambii kwamba unaweza kusimama pale ukapandisha kikapu. Asilimia na digrii pia sio kitu kimoja, 45% maana yake kwa kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 45, ukigeuza inakuwa digrii kama 24. Watu wanasoma 45 wanadhani ni digrii 45.

Afu hata hiyo 45% ina masharti. Soma kibandiko chote, kwenye nyingi nilizoendesha iko hivi: uzito wa nyuma (ule mkia mzito unaosawazisha bumu) ukiwa upande wa mlimani 45%, uzito wa nyuma ukiwa bondeni inashuka mpaka 30%, na ukitembea kwa ubavu wa mlima 25% tu ambayo ni digrii 14. Kwa hiyo ukipanda au kushuka mteremko kikapu kiangalie bondeni na ule mkia mzito uwe mlimani. Wengi wanafanya kinyume maana wanataka kikapu kitangulie kwenye mlima waone wanakoenda.

Ya kupandisha ndio hizo digrii za kengele. Bumu nyingi ni kati ya 4.5 na 5. Sizalifti za matairi makubwa ya saiti mara nyingi ni 2 kwa ubavu na 3 kwa urefu. Sizalifti ndogo za ndani, zile za kubadilishia taa za supamaketi, ni 1.5 kwa ubavu na 3 kwa urefu. Ila soma YAKO, usinukuu za kwangu.

---

Rangi_za_Dari

Hizo ndogo za ndani ndio zangu, napaka rangi dari. Digrii 1.5 ni kitu kidogo mno jamani, ina maana hata kokoto inaweza kuleta shida?

---

Kiwiko_Juu

Kokoto hasa. Ile ndogo ya futi 19 upana wake ni sentimita 76. Digrii 1.5 kwa upana huo ni sentimita 2. Kipande cha tailizi kilichoanguka, mkia wa nondo, ubao wa fomu uliosahaulika, tairi ya upande mmoja ikipanda hapo umeshafika mwisho. Kwa hiyo kitendea kazi cha kwanza cha sizalifti ya ndani ni UFAGIO na nasema kweli sitanii.

Na chunguza vile vyuma vya chini ya mashine pembeni, vinavyoshuka vyenyewe ukianza kupanda. Vikishuka vinabaki kama sentimita 2 tu kutoka sakafuni. Kazi yake ni kwamba tairi ikitumbukia kwenye shimo, mashine ikalie kile chuma badala ya kulala. Kuna watu wanavifunga kwa waya visishuke eti vinakwama kwenye uchafu. Akikwambia hivyo usipande naye.

Kwa kichwa tu nakupa hii: kila digrii 1 chini ni kama sentimita 17 za kuhama pembeni kwa kila mita 10 za juu. Bumu ya mita 20 ikiinama digrii 5, wewe uliye juu umehama mita 1 na robo tatu. Mashine imesimama palepale, wewe na kikapu na vifaa na mwenzako ndio mmehama.

---

Fomeni_wa_Zamu

Sasa mimi nitasema ukweli hata mkinitukana. Mimi ni fomeni. Saiti zetu za Bongo hakuna ardhi iliyonyooka kama meza, tukisubiri digrii zenu godauni litaisha 2040. Tunaweka mbao, tunaweka mawe, tunasawazisha, kazi inaenda. Miaka 15 sijawahi kuangusha mashine. Mkandarasi mkuu anakata hela kila siku ya kuchelewa, hiyo nani analipa?

---

Kiwiko_Juu

Fomeni sikutukani, umesema wanachosema mafomeni wote na ndicho nilichoambiwa siku ileile. Nimeshuka miguu inatetemeka, fomeni akaja akatazama akasema "jazeni mawe hapo chini ya tairi tumalizie safu hii moja".

Tatizo la mawe ni hili. Bumu haibebi uzito sawa kwenye tairi zote. Ukiielekeza kwenye kona, sehemu kubwa ya uzito wa mashine inahamia tairi ile moja, unazunguka unahamia nyingine. Jiwe lililotulia asubuhi ukiwa umeelekea kaskazini linachomoka saa 6 ukielekea kusini. Tena ekseli za bumu nyingi za saiti zinacheza zenyewe kufuata ardhi ukitembea bumu imelala, na zinajifunga bumu ikitoka. Ukipanga mawe ule mfumo wote umeudanganya.

Kusawazisha ni kitu kingine, kusawazisha ni kuchonga ile sehemu ya juu au kujaza kwa tabaka na kushindilia, nusu siku na roli ndogo. Ule mtaro wetu ulifukuliwa ukashindiliwa upya kwa siku moja na nusu. Hesabu hiyo kwenye ratiba yako.

---

Mama_Ramani

Naomba nichangie, mimi ni injinia wa ujenzi na uzi huu umegusa kitu ambacho mafundi na mainjinia huwa hatukizungumzi pamoja. Mnazungumzia mwinamo, lakini mwinamo mara nyingi ni matokeo tu, chanzo ni udongo kushindwa kubeba.

Chukueni mfano wa lori lenye kikapu au ile buibui yenye majeki. Jeki moja likibeba tani 4, na sahani yake ni sentimita 25 kwa 25, hapo udongo unakandamizwa kwa takriban tani 64 kwa kila mita ya mraba. Udongo laini wa mfinyanzi sisi kwenye hesabu za msingi tunaupa chini ya tani 7 na nusu kwa mita ya mraba. Mnaona pengo lilivyo? Sasa weka chini ya jeki ubao mgumu wa sentimita 60 kwa 60, inashuka mpaka tani 11. Weka wa mita 1 kwa 1, tani 4. Jeki ni lilelile na mzigo ni uleule, kilichobadilika ni ubao tu.

Ila ubao uwe mgumu kweli. Marini bodi moja nyembamba inapinda katikati na inakuwa kama haipo. Mataruma ya zamani ya reli ya mbao yakifungwa pamoja yanafaa sana. Na sahani ikae KATIKATI ya ubao, sio ukingoni.

Kuhusu mitaro na mashimo, kanuni ya kuanzia ambayo nawapa vijana wangu: shimo la kina cha mita 2, mashine ikae mita 2 au zaidi kutoka ukingoni, na udongo ukiwa umelowa au wa kujazia ongeza tena. Na mtafute anayejua kilichopo CHINI. Chemba, karo la maji taka, tangi la zamani, mabomba. Kifuniko cha chemba cha njia ya waenda kwa miguu hakikutengenezwa kubeba tairi la mashine ya tani 7.

---

Kenchi_na_Bati

Mama Ramani umenifundisha kitu leo, shikamoo.

---

Mama_Ramani

Marahaba. Ukiwa na shaka chukua nondo ya mita 1 yenye ncha, isukume kwa mkono kwenye kila sehemu tairi litakapopita. Haikupi namba yoyote ya kitaalamu, ila ule mtaro wa Kiwiko_Juu nondo ingezama kama kwenye uji.

---

Mtoto_wa_Athi

Wadau nawasalimu kutoka Athi River, Kenya. Nyinyi mnaongea moramu, huku kwetu shida ni ile udongo nyeusi, black cotton. Wakati wa jua inakauka inakuwa ngumu kama simiti, unapiga mguu unaona iko sawa kabisa, hata ina nyufa unaweza ingiza mkono. Mvua ikinyesha usiku mmoja inageuka kuwa mafuta. Kuna siku tuliacha sizalifti ya matairi makubwa jioni ikiwa levo, tukaitest na pima maji na kila kitu, asubuhi tukaipata imekaa kama mtu amelala upande moja. Hakukuwa na mtu ndani, na ilikuwa imeshushwa, Mungu mkubwa.

Tangu hapo sheria yetu ni moja: kipimo cha jana si kipimo cha leo. Mvua ikinyesha hata kama ni dakika kumi tunapima upya, na kama tunatumia majeki tunashuka kila baada ya masaa mawili kuangalia kama yamezama.

---

Kiwiko_Juu

Mtoto wa Athi umesema vizuri, huku udongo huo tunauita wa mbuga, upo sana kanda ya ziwa.

Sasa nilivyoahidi, ninavyopima mimi. Nina ubao ulionyooka wa mita 2, pima maji ya fundi na tepu. Naulaza ubao ardhini pale mashine itakaposimama, kwa urefu wa mashine kwanza. Naweka pima maji juu. Nanyanyua ule upande wa bondeni mpaka kitone kikae katikati, alafu napima kwa tepu nafasi kati ya ubao na ardhi. Nagawa kwa 200. Mfano nimepata sentimita 10: 10 kwa 200 ni 5%, ambayo ni karibu digrii 3. Nikipata 5 na kidogo ni digrii 1 na nusu. Nikipata 17 na nusu ni digrii 5. Hizo tatu nimeziandika kwa maka pen kwenye ubao wenyewe, sihitaji simu wala kikokotoo. Kisha narudia kwa ubavu.

Alafu natembea. Kwa miguu, njia nzima mashine itakayopita, maana watu wanapima pale pa kusimama wanasahau pale pa kupita. Ukiwa umepandisha unatembea na bumu tairi moja likidumbukia kwenye kishimo cha sentimita 10, huku juu kikapu kinapiga kama manati. Hapo ndipo mtu anarushwa nje. Ndio maana hanesi ya kwenye bumu inafungwa kwa kamba FUPI kwenye ndoano ya ndani ya kikapu, ukirushwa ubaki ndani. Msifunge kwenye nguzo ya jengo, mashine ikisogea inakukata mara mbili.

---

Doha_Msukuma

Wakuu niko Qatar mwaka wa 6, manlifti opereta. Huku mtu anadhani jangwa ni gumu, kuna kitu kinaitwa sabkha, ardhi ya chumvi karibu na bahari. Juu ina gamba kavu jeupe, unatembea hata huachi alama. Chini yake ni matope yenye maji ya chumvi. Lori dogo linapita poa, manlifti inapita mara ya kwanza poa, mara ya tatu gamba linapasuka na mashine inakaa kwa tumbo. Huku wanatandaza mabamba ya chuma njia nzima.

Kingine cha huku ni haraka. Kuanzia Juni 1 mpaka Septemba 15 ni marufuku kazi za nje juani kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 9 na nusu alasiri, kitu kizuri sana kwa afya, lakini watu wanajaribu kumaliza kila kitu kabla ya saa 4 na hapo ndipo unaona mtu anavuka rundo la mchanga na kikapu kikiwa juu eti kushusha na kupandisha ni kupoteza dakika. Huyo nimemuona kwa macho yangu, mwenzetu wa Afrika Mashariki, nikamfokea kwa Kiswahili mpaka akashuka.

---

Kenchi_na_Bati

Hivi mafunzo ya hizi mashine mtu anapata wapi? Mimi nilifundishwa na opereta mwenzangu siku mbili akasafiri.

---

Doha_Msukuma

Kadi inayotambulika nchi nyingi ni PAL ya IPAF, ni shirikisho la kimataifa la hizi mashine, lipo tangu 1983. Kadi inakaa miaka 5. Imegawanywa makundi, 3a ni sizalifti za kutembea, 3b ni bumu za kutembea kama ya Kiwiko_Juu, 1b ni za kusimama kwa majeki zenye mkono. Usije ukachukua 3a ukaenda kuombea kazi ya bumu, getini wanakurudisha. Ila hata ukiwa na kadi, mashine mpya ni lazima uonyeshwe yenyewe, vitufe havifanani.

---

Tairi_Nne

Kuna fundi mmoja ametuwekea tairi za lori za kujaza upepo kwenye bumu maana zile zake zimekwisha na bei yake inatisha. Inatembea laini hata kuliko mwanzo. Kuna shida?

---

Kiwiko_Juu

Mkuu hiyo mashine usiipande nakuomba. Tairi za hizo bumu nyingi zimejazwa povu zito lililoganda, sio upepo, na kwa makusudi mawili. Moja, haipati pancha ukiwa juu. Fikiria pancha ukiwa mita 15 bumu imetoka ubavuni. Mbili, uzito wa lile povu ni sehemu ya uzito unaoishikilia mashine chini, umehesabiwa. Ukiweka ya upepo umeipunguzia uzito kule chini na umeiwekea springi. Huo ulaini unaousikia ndio hatari yenyewe.

Na wakati tuko hapo, kuna mafundi wa kuunganisha waya sensa ya mwinamo isilie. Nimeikuta mara mbili. Asubuhi kabla ya kazi jaribu: kwenye mashine nyingi sensa ina njia yake ya kujaribiwa imeandikwa kwenye kitabu. Isipolia rudisha funguo.

---

Fomeni_wa_Zamu

Haya, nimesoma yote. Swali bila ubishi: na mimi nikikataa kupandisha mkandarasi akaleta opereta mwingine anayekubali, nimesaidia nini?

---

Mama_Ramani

Fomeni, iandike. Sheria yetu Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya 2003 inambebesha mwajiri jukumu la usalama wa mahali na mtambo. Andika kwenye kitabu cha saiti: tarehe, sehemu, mwinamo umepima ngapi, umemwambia nani. Piga picha ubao ukiwa na tepu. Nimeshaona wakandarasi wabishi wakinyamaza kwa mstari mmoja wa kalamu kuliko kelele za nusu saa.

---

Fomeni_wa_Zamu

Hiyo nimeipenda. Nina ubao wa mita 3 sio 2, hesabu inabadilika?

---

Kiwiko_Juu

Unagawa kwa 300. Sentimita 15 ndio 5%, karibu digrii 3.

---

Rangi_za_Dari

Na upepo je? Wiki ijayo natoka nje kupaka ukuta wa ghorofa.

---

Doha_Msukuma

Kwanza angalia kama mashine yako imeruhusiwa nje. Nyingi za ndani kibandiko cha upepo kimeandikwa 0, yaani nje haitakiwi hata siku ya kimya. Za nje nyingi mwisho ni mita 12.5 kwa sekunde, kama kilomita 45 kwa saa. Oktoba 2010 pale Chuo Kikuu cha Notre Dame Marekani mwanafunzi aliyekuwa anarekodi mazoezi ya mpira wa Kimarekani alikufa, sizalifti yake ilipinduliwa na upepo uliokuwa unapiga kwa vipindi zaidi ya maili 50 kwa saa. Na ukiwa tayari umeinama digrii moja upande unakoelekea upepo, unamrahisishia kazi. Usibebe mabati wala turubai kwenye reli, hayo ni matanga.

---

Rangi_za_Dari

Asante mkuu, yangu imeandikwa 0. Nitakodi nyingine.

---

Bwana_Kifusi

Habari zenu, nimeingia leo nimesoma uzi wote nikatoka na ubao. Niko saiti sasa hivi. Kwa ubavu nimepata sm 11 kwenye mita 2. Nipande nisipande?

---

Kiwiko_Juu

Digrii 3 na kidogo. Mashine gani?

---

Bwana_Kifusi

Sizalifti ya matairi makubwa.

---

Kiwiko_Juu

Kibandiko cha mwinamo kinasema ngapi kwa ubavu?

---

Bwana_Kifusi

Kimebanduka, kimebaki gundi tu.

---

Kiwiko_Juu

Usipande. Nipigie picha ile sahani ya chuma yenye namba ya mashine, iko kwenye chesesi, nikutafutie kitabu chake. Wakati unasubiri tafuta koleo, hiyo sm 11 mtaichonga kabla sijapata jibu.

---

Bwana_Kifusi

Tumeshaanza. Kuna chemba hapa hatukuijua.